Tundu la Kushoto la Bampa

Nianze na jema, maana wanaonijua husema siwezi kufungua mdomo bila kuanza na baya: binti yangu alirudi. Alirudi saa kumi na mbili jioni, mvua ikiwa imekatika, gari limepakwa matope hadi madirishani, injini inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mimi nilikuwa getini tangu simu ilipokatika. Nilipotaka kupiga hatua kumfungulia, miguu ilikataa. Ilikuwa imekufa ganzi na sikuwa na habari.

Sasa niwaeleze nilivyofika pale getini, na nani alinipeleka. Nilijipeleka mwenyewe.

Binti yangu ni mkunga. Sisi tunaishi juu ya mlima, na wanaomhitaji wengi wako chini, ng'ambo ya bonde. Barabara ya kushuka ni kilomita sita za kona tupu, halafu inafika mahali pa chini ambapo kila mvua ikinyesha maji hukusanyika na kulala juu ya lami kama yamepanga. Mwezi uliopita, akiwa kona ya nne, alikanyaga breki, mguu ukazama.

"Kama kukanyaga godoro, Baba," aliniambia.

Kukawa na harufu ya kuungua. Alilizuia gari kwa gia na breki ya mkono, akalikwaruza ukingoni mwa barabara, akakaa ndani robo saa. Kisha breki zilipopoa akaenda kuzalisha. Yule mama mpaka leo hajui kwamba mikono iliyompokelea mwanawe ilikuwa imetoka kuponea chupuchupu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana gereji. Akabadilisha pedi. Akabadilisha mafuta ya breki. Akabadilisha pedi tena. Kila safari anafuta mikono na kuniambia, "Shemeji, gari zima hili. Dereva ndiye mwenye mguu mzito."

Mguu mzito! Mtu mwenye kazi ya kugusa vichwa vya watoto ambavyo havijakomaa, ndiye awe na mguu mzito!

Basi nikaingia chini ya gari mwenyewe. Sikusoma, na sioni haya kulisema. Ninachokijua nilikiiba kwa macho miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kuunganisha magari, na katika vitabu vya ufundi nilivyookota kwenye pipa la ofisi, nikavisoma na kamusi pembeni. Nikalala chini ya gari lile siku tatu. Siku ya tatu nikaelewa. Breki za mbele zilikuwa hazipati hewa. Gurudumu limefunikwa plastiki huku na huku, joto likizaliwa mle halina pa kutokea. Kwenye mteremko mrefu breki zinapikwa mpaka mafuta yake yanachemka, na mafuta yakichemka kanyagio linakuwa godoro.

Na mbele ya magurudumu yale, kwenye bampa, kulia na kushoto, kulikuwa na matundu mawili makubwa ya pembe tatu, yamepambwa kwa wavu kama sega la nyuki. Nikafurahi. Nikaingiza kidole nione hewa inapita wapi. Kidole kikagonga ukuta. Plastiki nyeusi, imeumbwa pamoja na bampa lenyewe. Matundu ya uongo. Yamechorwa ili gari lionekane linapumua.

Hapo damu ilinichemka kuliko mafuta ya breki, na nina sababu. Pale kiwandani nilikuwa chumba cha kupaka rangi. Tulikuwa tunatema mate ya rangi tuliyopaka siku hiyo: Jumatatu mekundu, Jumanne ya buluu. Tukalalamika, tukalalamika, mpaka wakubwa waliposikia wakaguzi wanakuja. Wakatuwekea matundu ya hewa ukutani. Sita, yana fremu za bati, yamepangwa vizuri. Tukapiga makofi, wajinga sisi. Siku ya tatu mwenzangu wa zamu, ambaye sasa ametangulia kwa kifua kilekile, akashika karatasi mbele ya tundu. Karatasi haikutikisika. Tukafungua skrubu. Nyuma ya fremu kulikuwa na tofali zima, halijaguswa na nyundo.

Nikapanda juu ya pipa la rangi nikasema yaliyokuwa moyoni. Kazi ikasimama siku mbili. Baadaye wakaniita ofisini, wakanipa karatasi: andika tu kwamba umekosea, rudi kazini. Sikuandika, kwa sababu sikukosea. Nikatolewa getini na begi langu. Miaka ishirini na miwili sasa, na bado nakumbuka zile skrubu zilikuwa na kutu upande gani. Mke wangu husema mimi sisahau kitu isipokuwa chumvi nikitumwa dukani.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikalivua bampa.

"Unavua nini tena?" mke wangu aliuliza kutoka dirishani.

"Bampa."

"Mwenye gari anajua?"

"Atajua."

Mwenye gari alikuwa amelala, ametoka zamu. Aliamka akalikuta bampa lake limelala kwenye mkeka sebuleni kama mgonjwa, nami nimepiga magoti na drili. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Nikamweleza. Akasikiliza yote, hata ya chumba cha rangi ambayo ameyasikia tangu ananyonya.

"Litarudi saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane."

"Baba, nina mama mmoja ng'ambo siku zake zimetimia. Mtoto wa tatu huyo, hatangoja. Gari lisiponifikisha hana mtu mwingine."

"Saa nane," nikasema.

Nikatoboa pembe kwa drili, nikapitisha msumeno mwembamba ambao mpini wake niliuzungushia kitambaa, nikakata ukuta wa kulia taratibu, nikalainisha kingo kwa tupa ili zisikate mpira nitakaoupitisha humo. Sega la mapambo nikaling'oa, nikafunga wavu wa chuma wa kuzuia mawe. Kisha nikachukua mpira mnene wa pampu ya maji, ule wenye mikunjo, nikauelekeza kutoka tunduni hadi nyuma ya gurudumu, ukaangaliana na diski ya breki ana kwa ana. Nikaufunga kwa vibano, nikazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, nione tairi haliusugui. Halikuusugua.

Shemeji akafika katikati ya kazi, hakuitwa.

"Shemeji! Unalitoga masikio?"

"Nalizibua pua."

"Waliolitengeneza wana digrii. Wakifunga kitu wana sababu."

"Ndiyo. Sababu ya wezi wote: hawataki uone ndani."

"Haya, bwana mkubwa. Likianza kupiga chafya uniite." Akachukua karanga zangu, akaondoka.

Upande wa kushoto ndipo yalipotokea mambo. Nilipoukata ukuta nusu, nikaona nyuma yake kuna mdomo wa bomba jeusi, upana wake kama kikombe. Hiyo ndiyo pua ya injini, mahali inapovutia hewa yake. Mpira wangu wa breki ulitosha kwenye nusu ya tundu iliyo chini. Nusu ya juu, iliyo mbele ya pua, ningeweza kuiacha na ukuta wake. Hakuna aliyenilazimisha kuikata.

Nikaikata. Nilijiambia, kwa nini injini nayo ivute hewa ya mzunguko, ya moto, iliyokwisha kupumuliwa, na hewa safi iko hatua moja mbele yake? Nikahisi kama nimemfungulia dirisha mtu wa zamu yangu. Nadhani hata nilitoa hotuba fupi. Mke wangu alipita na ndoo akauliza nazungumza na nani.

Saa nane bampa lilikuwa mahali pake. Binti yangu akashika usukani, nikakaa kando, tukashuka kilomita mbili za kona akikanyaga breki kwa makusudi, mara nyingi kuliko haja. Tulipogeuza nikashuka, nikadondosha maji kwenye diski. Zamani yangelia chwaa na kuruka. Sasa yalitulia, yakakauka polepole kama kwenye chungu kilichotolewa jikoni muda mrefu.

"Limekaza, Baba," akasema, mguu bado juu ya kanyagio. "Halizami hata kidogo." Halafu akanipiga bega na kucheka, na mwezi mzima sikuwa nimemsikia akicheka ndani ya gari lile.

Nikashusha pumzi. Nilidhani ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo.

Saa tisa simu yake ikaita. Yule mama wa ng'ambo alikuwa ameshikwa na uchungu. Binti akabeba mkoba wake, akanipungia mkono, akashuka. Wingu nalo likashuka pamoja naye, jeusi kama sufuria.

Nilikuwa nakusanya vifaa uani wakati matone ya kwanza yalipoanza. Nikaokota vipande vya plastiki nilivyokata. Cha kulia kilikuwa bapa, kama kigae. Cha kushoto, sehemu ile ya juu, hakikuwa bapa. Kilikuwa na mdomo uliopinda, kama kiganja cha mtu anayekinga mshumaa, na chini yake kuna vijitundu vitatu vyembamba. Nikasimama nacho mvuani. Maji yakakigonga, yakafuata ule mdomo, yakatokea kwenye vijitundu, yakadondoka chini. Upande wa pili, upande uliokuwa ukitazama pua ya injini, palibaki pakavu.

Nikakiinua tena. Pakavu.

Hicho hakikuwa kipande cha uongo. Ule ukuta wa kulia ulikuwa uongo mtupu. Wa kushoto, waliuvika uongo nje ili ufanane na mwenzake, lakini ndani ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa mwavuli. Na mimi niliuona umeziba, nikaupitishia msumeno bila kuuliza.

Kwa asiyejua niseme: injini inavuta hewa na kuikandamiza. Hewa inakubali kukandamizwa. Maji hayakubali. Injini ikinywa maji inajivunja mifupa yake yenyewe, hapohapo, na hakuna kuiwasha tena. Na gari likiingia kwenye maji, bampa huyasukuma mbele yakapanda kama ukuta. Ukuta huo ungeingia moja kwa moja kwenye tundu nililofungua. Binti yangu angekwama katikati ya bonde, maji yakipanda, na mwanamke ng'ambo anaita jina lake.

Mke wangu alinikuta nimesimama mvuani na kipande kile.

"Una nini?"

Nikamwambia. Kwa maneno machache, nadhani, maana alielewa upesi.

"Mpigie simu."

"Nafikiria jinsi ya kumweleza."

"Ufikirie nini? Mwambie umekosea!"

Nikakigeuza kile kipande mkononi. Msinicheke. Neno lile ndilo wakubwa wa kiwanda walitaka niinunulie kazi yangu, nikakataa, nikala njaa kwa ajili yake, na familia ikala njaa pamoja nami. Nilikuwa na haki siku ile. Lakini mtu ukikaa na haki miaka ishirini na miwili bila kuivua, inashikana na ngozi. Sikumbuki kama katikati hapo niliwahi kulisema, hata kwa jambo dogo.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," mke wangu akasema. "Chutama, mume wangu. Piga simu, au nitapiga mimi, na nitamweleza yote tangu mwaka tuliooana."

Nikapiga. Haikupokelewa. Akiwa kwenye kona hapokei, na mimi ndiye niliyemfundisha. Nikapiga tena. Haikupokelewa. Mvua ikawa haisikiki tena matone, ni mngurumo mmoja tu. Mara ya tatu akapokea.

"Baba, breki safi kabisa! Nimeshuka na mvua yote hii, kanyagio gumu kama jiwe."

"Uko wapi?"

"Chini. Nimesimama. Maji yamejaa barabarani. Lori linajiandaa kupita, nitalifuata nyuma."

"Usilifuate. Sikiliza. Unajua, hawa watu wanaotengeneza magari, kwanza wanaficha..."

"Baba, mama ana uchungu, sina nafasi ya hotuba."

"Si hotuba. Ni kwamba ule ukuta, kwa jinsi ulivyokuwa umetengenezwa, mtu yeyote angedhani..."

"Baba!" Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile ambayo wanawake wakubwa kuliko mama yake huitii. "Mficha uchi hazai. Sema."

"Nimekosea," nikasema.

Mvua kwake, mvua kwangu.

"Sema tena, sijasikia vizuri."

"Nimekosea. Tundu la kushoto. Nimeondoa kinga ya maji ya injini. Ukiingia hivyo litakufa katikati. Lizibe kwanza."

"La kulia?"

"La kulia liache, lile ni la breki tu."

"Nilizibe kwa kitu gani?"

Nikahesabu vilivyomo garini. Utepe haushiki kwenye plastiki iliyolowa. Kusokomeza kitambaa hawezi, wavu nimeukaza kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ngoja," akasema. "Nina mpira wa kutandika kitandani. Na nina uzi."

"Uzi gani?"

"Wa kufungia vitovu."

Nikasikia mlango, kisha mvua ikampiga na yeye. Aliiacha simu kitini. Nilisikia lori likipita, watu wakipiga kelele, mtu akimuuliza dada unafanya nini, naye akijibu, "Nalifunga kitovu!" Kicheko. Alikuwa anapitisha uzi kwenye macho ya wavu, kushoto, kulia, chini, anakaza, kwa vidole vinavyofunga fundo gizani bila taa. Sikuwa na la kumfundisha. Nilishika simu kwa mikono miwili.

Mlango ukafungwa. "Limekaza," akasema, akihema. "Naingia."

"Polepole. Gia ya kwanza. Usiachie kanyagio la mafuta hata kidogo, wala usisimame."

"Najua, Baba. Sukuma, lakini kwa mpango." Akacheka.

Nikasikia injini. Nikasikia maji yakigonga sakafu ya gari chini ya miguu yake, kama watu wanaobisha hodi wengi kwa pamoja. Injini ikashuka sauti, nami nikashuka nayo. Ikapanda. Kisha simu ikakatika.

Nikaenda getini.

Shemeji akaja na pikipiki, amelowa chapachapa, dada yake alikuwa amempigia. Nikamngoja aseme. Nilikuwa nimeshaandaa kifua changu kwa lile neno la "nilikwambia," na nakiri alikuwa na haki nalo. Hakulisema. Alizima pikipiki, akasimama karibu nami, akauliza, "Tushuke?"

"Akitupita njiani?"

"Kweli." Akasimama. Baada ya muda akasema, "Shemeji, ile habari ya breki hata mimi nilikuwa nimeshindwa. Nilisema mguu mzito kwa sababu sikuwa na la kusema."

Nikampa nusu ya koti langu.

Mke wangu alikuja mara mbili na chai, mara mbili akairudisha imepoa. "Hajapiga kwa sababu mikono yake ina kazi," alisema. Mara ya pili alilisema polepole zaidi.

Ndipo saa kumi na mbili lile gari likapanda kona ya mwisho, na kwenye bampa lake, kushoto, kile kipande cha mpira wa kitandani kimelalia tunduni, kimefungwa mafundo madogo yaliyolingana, hakuna hata moja lililolegea.

Akashusha kioo. "Msichana," akasema. "Kilo tatu na nusu. Ana mdomo huyo! Amezaliwa akilalamika, nikamkumbuka mtu."

Mke wangu akaingiza mikono dirishani akamshika uso. Shemeji akaanza kuimba kitu kisicho na maneno. Mimi miguu ikakataa, kama nilivyosema, nikabaki nimeshikilia geti, na kitu kikanitoka kifuani kirefu, hakiishi, kama mtu anayepunguza upepo wa tairi la lori.

"Mama," binti akasema, "lile neno alilosema Baba kwenye simu, ulilisikia?"

"Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nimeandika tarehe nyuma ya kalenda."

"Na saa?"

"Na saa."

Wakacheka mpaka wakashikana. Nikawaacha wacheke. Nawaambia ukweli, sikujua kwamba mtu anaweza kulisema neno lile na bado akaja kula chakula cha jioni na nyumba yake. Wale wakubwa wa kiwanda walilifanya neno hilo lifanane na kaburi. Hata hilo nawadai walieleze, pamoja na matofali. Na uongo wa ukuta wa kulia nitausema mpaka watu wanikimbie, hilo msitegemee limekwisha.

Asubuhi ya Jumapili tulilivua bampa tena, safari hii mwenye gari akiwa amesimama juu yangu. Nikakata ubavu wa dumu la mafuta ya kupikia, nikaupinda juu ya moto mdogo hadi ukawa na mdomo kama wa kile nilichokiharibu, nikatoboa vijitundu vitatu vya kutokea maji, nikaufunga mbele ya pua ya injini. Mpira wa breki ukabaki chini yake, na njia yake peke yake. Shemeji alishika taa, akatoa ushauri mmoja wa maana na kumi na moja wa bure.

Kisha binti akavuta bomba la bustani, akalielekeza kwenye tundu la kushoto, akafungulia maji kwa nguvu zote. Mimi nilikuwa nimejikunja ubavuni, mkono umezama nyuma ya bampa, kiganja kimefunika pua.

"Kuko vipi?" akapaza sauti.

"Kukavu."

"Una hakika, au unabishana?"

"Njoo uweke mkono wako."

Akampa mama yake bomba, akapiga magoti kwenye tope, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akafumba macho kama afanyavyo kazini. Akapapasa juu, akapapasa pembeni, akaupitia mdomo mzima wa ile pua kwa vidole viwili, hana haraka. Mke wangu akabana maji kwa kidole yaruke zaidi. Tukamngoja.

"Kukavu," akasema, akauchomoa mkono, akaninyooshea nimsaidie kuinuka.